Notisi Ikifika Kanombe: Karatasi Gani, Mlango Gani, Siku Ngapi

Wapangaji wa Kabeza wanauliza, wenye vyumba vya kupangisha Rubirizi wanauliza, na waliohamishiwa Busanza nao bado wanauliza. Maswali yenyewe ni mawili. La kwanza: nikiambiwa nihame, naanzia wapi? La pili huulizwa kwa sauti ya chini zaidi: ndugu yangu akizolewa barabarani, namtafuta wapi?

Kanombe ina sababu ya kuuliza. Umurenge huu wa Wilaya ya Kicukiro, wenye akagari nne za Busanza, Kabeza, Karama na Rubirizi, ndio wenye uwanja wa ndege wa Kigali na hospitali ya jeshi. Anayetafuta chumba karibu na kazi hukitafuta huku, na kodi inajua hivyo. Busanza ndiko zilikojengwa nyumba 1,040 kwa ajili ya watu wa Kangondo na Kibiraro, ule mtaa wa karibu na Nyarutarama ambao Kigali nzima iliuita Bannyahe. Kituo cha muda cha Gikondo, ambako wanaokamatwa kwa kuombaomba au kuuza barabarani wamekuwa wakipelekwa kwa miaka mingi, nacho kiko ndani ya Kicukiro hiyo hiyo.

Makala haya hayabishani kama sera ya mji ni nzuri au mbaya. Yanashughulika na mambo ambayo mtu anaweza kuyafanya akiwa na indangamuntu mfukoni, simu yenye chaji na siku chache mbele yake.

Kabla ya kulipa kodi ya kwanza

Ugomvi mwingi wa nyumba huzaliwa siku ya furaha, siku chumba kimepatikana. Komisiyoneri, yaani dalali, ana haraka, mwenye nyumba ni mcheshi, na mpangaji amechoka kuzunguka. Pesa inatoka, karatasi haipo. Miezi minne baadaye mwenye nyumba anasema kodi imepanda, au anatokea kaka yake akidai kwamba nyumba ni yake. Mpangaji hana la kuonyesha zaidi ya funguo.

Fanya haya kabla pesa haijatoka mkononi:

- Omba namba ya kiwanja, ile inayoitwa UPI. Kwa Kicukiro huanza na 1/03. Asiyetaka kuitaja ana sababu, na sababu hiyo si nzuri kwako.
- Linganisha jina lililo kwenye hati ya ardhi na jina la anayepokea kodi. Tangu 2023 hati hutolewa kwa njia ya kielektroniki, kwa hiyo kisingizio cha "hati iko benki" kimepungua nguvu. Kama mpokeaji ni msimamizi tu, aonyeshe barua ya mwenye mali.
- Lipa kwa MoMo, usilipe mkononi. Simu hukuonyesha jina la mpokeaji kabla hujaweka namba ya siri. Lisome jina hilo, kisha usiufute ujumbe wa malipo hata ukibadilisha simu.
- Andikeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja: majina mawili, namba za vitambulisho, kiasi cha kodi, tarehe ya kulipa, muda wa notisi kwa kila upande, na mashahidi wawili.

Kuna mambo madogo ambayo watu huyaonea haya kuyaandika, na ndiyo yanayovunja ujirani. Nani anaweka umeme kwenye cashpower kama mita ni moja kwa gipangu nzima, yaani ua mmoja wa vyumba vingi? Bili ya maji inagawanywa kwa vyumba au kwa vichwa? Pesa ya irondo, yaani ulinzi wa usiku wa mtaa, na ya takataka inatoka kwa nani? Yaandike.

"Mwenye nyumba akikataa kuandika?" Mwandikie wewe. Ujumbe mfupi wa simu unatosha kuanzia: "Mzee, leo tarehe fulani nimekulipa kodi ya miezi miwili, chumba cha nyuma, kama tulivyokubaliana." Akijibu "sawa", umepata kitu cha kumwonyesha mtu wa tatu. Asipojibu, angalau tarehe ipo.

Kodi ikipandishwa ghafla, rudi kwenye mkataba kabla ya kurudi kwenye hasira. Msipoelewana, nendeni kwa kiongozi wa mudugudu, kisha kwa abunzi wa akagari, wapatanishi wanaochaguliwa na wananchi na ambao sheria ya 2016 inawaruhusu kusikiliza madai ya mali yasiyozidi faranga milioni 3. Hakuna wakili hapo. Kuna kusikilizana, na uamuzi unaandikwa.

Jina lako lijulikane mudugudu

Hii ni fupi lakini isirukwe. Ukihamia, jiandikishe kwa kiongozi wa mudugudu ndani ya siku chache, pamoja na mgeni atakayelala kwako kwa muda mrefu. Kwa mkimbizi kutoka Kongo au Burundi, kitambulisho cha mkimbizi na kujulikana mudugudu vitembee pamoja.

Wengi huogopa: "Nikijiandikisha si nitafuatiliwa?" Wasiwasi huo unaeleweka. Ila siku polisi au DASSO, walinzi wa wilaya, wanapouliza mtu anakaa wapi, jibu linaloweza kuthibitishwa kwa simu moja kwenda mudugudu lina uzito kuliko maelezo ya nusu saa. Nenda umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Zaidi ya kazi yenyewe, hapo ndipo watu wanapoujua uso wako.

Mtu akikamatwa barabarani

Hapa makosa ni mengi kwa sababu familia huanza kukimbia kabla ya kujua inamkimbilia nani. Kwanza ijulikane mkono uliomchukua. Irondo na DASSO humkabidhi mtu kwa wengine, hawana gereza. RIB, idara ya upelelezi, hushughulika na makosa ya jinai. Kisha kuna njia ya tatu, ambayo haipiti mahakamani kabisa: kituo cha muda.

Kama yuko RIB, kuna saa inayohesabu. Sheria ya mwenendo wa mashtaka ya 2019 inampa mpelelezi siku 5 za kumshikilia mshukiwa kabla jalada halijafika kwa mwendesha mashtaka. Mshukiwa ana haki ya kuelezwa kosa lake, kuwa na wakili na kumjulisha mtu wake. Ukifika kituoni uliza mambo matatu, uyaandike papo hapo: amekamatwa lini, kwa kosa gani, na jalada liko kwa nani. Ukihitaji simu ya bure ya RIB, ni 166.

Kama yuko kituo cha muda, mambo ni mengine. Agizo la waziri la 2018 linataja "mwenendo potofu" na kuuorodhesha: ukahaba, dawa za kulevya, kuombaomba, uzururaji, biashara ya kutembeza barabarani. Mtu hashtakiwi. Anachukuliwa, anachujwa, kisha anarudishwa kwao au anapelekwa kituo cha marekebisho, kama Iwawa, kisiwa cha Ziwa Kivu wanakopelekwa vijana wa kiume. Agizo hilo linaweka kikomo cha miezi 2 katika kituo cha muda.

Juu ya yanayotokea ndani, pande mbili hazikubaliani. Human Rights Watch walitoa ripoti kuhusu Gikondo mwaka 2006, 2015 na 2020, wakieleza vipigo, msongamano na watoto kuwekwa humo, na mwaka 2021 wakaongeza taarifa ya msako wa watu wa barabarani uliohusishwa na mkutano wa Jumuiya ya Madola, ambao hatimaye ulifanyika Kigali Juni 2022. Serikali imekanusha, ikisema vituo hivyo ni vya kurekebisha na kusaidia. Familia haihitaji kuumaliza ubishi huo ili kumtoa mtu wake. Inahitaji kufika mapema.

Hatua zenyewe:

1. Piga simu kwanza kituo cha polisi cha eneo alikokamatwa, si alikolala. Aliyekamatwa Nyabugogo hatafutwi Kanombe.
2. Kusanya nakala ya kitambulisho chake, mkataba wa chumba na barua ya mudugudu inayosema anakaa hapo na anafanya kazi gani. Barua hiyo ndiyo inayojibu neno "mzururaji".
3. Nendeni wawili, mmoja akiwa ndugu wa damu au mwenzi wa ndoa.
4. Andika jina na cheo cha kila mliyezungumza naye, pamoja na saa.
5. Mkizungushwa, peleka malalamiko ya maandishi kwa Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu au Ofisi ya Ombudsman, ambayo simu yake ya bure ni 199.

Onyo moja linajitegemea: usitoe pesa ili mtu atoke. Atajitokeza mtu wa kujua mtu, tena ataongea kwa upole. Sheria ya rushwa ya 2018 inamwadhibu mtoaji na mpokeaji, na aliyetoa pesa mara moja hujulikana kuwa ni wa kurudiwa.

Kwa anayeuza kwa kutembeza: mji uliwahi kutangaza faini ya faranga 10,000 kwa muuzaji na kwa mnunuzi pia, na bidhaa hutaifishwa. Mei 2016 mama mmoja aliyekuwa akiuza hivyo alipigwa hadi kufa karibu na kituo cha mabasi cha Nyabugogo, na baada ya hapo mji ukaharakisha kujenga masoko madogo ya kuwapa nafasi wauzaji wa barabarani. Kibanda sokoni kina shida zake. Wateja ni wachache, na baada ya muda wa msamaha gharama zinaanza. Hata hivyo asiye na kibanda leo aombe nafasi kwa maandishi na kutunza nakala, kwa kuwa maombi hayo ni ushahidi kwamba alijaribu njia halali. Wakija kuchukua bidhaa, usivutane nao. Beseni la parachichi halistahili jino.

Mtoto akichukuliwa, usisubiri kesho. Namba ya watoto ni 116. Beba cheti cha kuzaliwa au barua ya shule.

Anayeuliza kama sheria za namna hii zinakubalika Afrika ana mahali pa kutazama. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinazomwadhibu mtu kwa kukosa makazi au kazi zinakinzana na Mkataba wa Afrika. Ni maoni ya ushauri, hayafungui mlango wa Gikondo asubuhi ya kesho. Lakini wakili anayeandika malalamiko anaweza kuyataja, na anayemwomba ayataje hakosei.

Ukuta umeandikwa TOWA

Rangi nyekundu, herufi kubwa, wakati mwingine zimechuruzika hadi kwenye kizingiti. Asubuhi hiyo watu wa gipangu nzima husimama nje wakiutazama ukuta kana kwamba utaongeza neno. Hautaongeza. Alama hiyo ya kubomolewa haitaji kiasi cha fidia, haitaji siku ya mwisho, haisemi ni mradi gani. Kazi ya kwanza ni kupata karatasi inayosema hayo.

Nenda akagari, kisha umurenge, uulize kwa maandishi: tunaondolewa kwa sababu ipi? Majibu ni matatu, na kila moja lina njia yake.

Jibu la kwanza ni kwamba nyumba ilijengwa bila kibali. Hapo fidia ni ngumu, na kila siku ya kungoja inapunguza mabati na milango ambayo ungeweza kuokoa. Mwone mwanasheria wiki hiyo hiyo, huku ukipanga pa kulala.

Jibu la pili ni eneo la hatari: mteremko mkali au bonde la maji, wanapopaita amanegeka. Desemba 2019 Jiji lilibomoa nyumba nyingi mabondeni. Uliza kama kuna msaada wa kodi au makazi kwa walio kwenye orodha, na uhakikishe jina lako limo. Mwenye hati halali ya ardhi asikubali kuwekwa kapu moja na asiye nayo, aionyeshe.

Jibu la tatu ni manufaa ya umma: barabara, uwanja, mradi wa makazi. Hapa ndipo Sheria Na. 32/2015 inapofanya kazi, na hapa ndipo siku zinapohesabiwa. Muulize mwanasheria kama kuna kifungu kilichorekebishwa, kisha shika haya:

- Orodha ya wenye haki ikishatangazwa na vipimo kukamilika, usijenge wala kupanda cha kudumu. Kilichoongezwa baada ya hapo hakilipwi. Chumba cha haraka haraka cha kuongeza fidia ni pesa iliyotupwa.
- Simama karibu na wapimaji. Hesabu nao milango, choo, tangi, miti. Piga picha kila kitu siku hiyo, tarehe ionekane.
- Fidia ni thamani ya ardhi na mali, pamoja na asilimia 5 ya usumbufu.
- Kama kiasi hakikuridhishi, una siku 7 tangu ripoti ya tathmini kuidhinishwa za kusema kwa maandishi kwa nini hukubali. Unamtafuta mthamini anayetambuliwa kisheria, kwa gharama yako, na ripoti yake iwe tayari ndani ya siku 10.
- Fidia iliyoidhinishwa ilipwe ndani ya siku 120. Ikipita bila malipo, uamuzi wa kutwaa unakufa, isipokuwa mmekubaliana vingine. Ukishalipwa, nawe una muda usiozidi siku 120 wa kuhama.

Zile siku 7 ndizo zinazowaangusha watu. Wanaitisha kikao, wanachagua kamati, wanasubiri mtoto aliye Brussels aulize rafiki yake mwanasheria, na wiki imekwisha. Barua yenyewe inaweza kuwa ya mistari mitano. Ipeleke nakala mbili, moja ipigwe mhuri wa kupokelewa, nayo ndiyo unayorudi nayo.

"Mthamini ni ghali, sisi ni maskini." Kweli. Majirani kumi wenye nyumba zinazofanana wanaweza kumchukua mmoja na kugawana gharama, ila kila mmoja aandikiwe ripoti yake. Kwa ushauri wa sheria usiolipiwa kuna MAJ, ofisi za msaada wa kisheria zilizoko katika kila wilaya nchini, Kicukiro ikiwemo. Na mkifika mahakamani, kumbukeni kwamba tangu sheria ya 2019 wilaya za Kigali hazisimami tena zenyewe kisheria. Anayeshtakiwa ni Jiji la Kigali. Kesi iliyoandikwa jina lisilo sahihi hupoteza miezi.

"Nikipinga si nitaonekana mpinzani wa serikali?" Kupinga kiasi ni hatua iliyoandikwa ndani ya sheria yenyewe. Barua ya heshima, yenye namba ya UPI na hesabu, haina siasa. Video ya matusi ukiwa umesimama mbele ya tingatinga ni habari nyingine, na haijawahi kuongeza faranga kwenye tathmini.

Barua nyingi za akagari huandikwa kwa Kinyarwanda. Kiswahili kilipewa hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017, lakini hadhi hiyo haikusomei karatasi iliyo mezani. Usitie saini usichokielewa. Omba ubaki na nakala hadi kesho, mtu wako akusomee.

Walichojifunza wa Bannyahe

Kangondo na Kibiraro, katika Umurenge wa Remera, zilitakiwa na mwekezaji, kampuni ya Savannah Creek. Badala ya pesa, wakazi walipewa nyumba Busanza. Baadhi walihama. Wengine walikataa wakishikilia kwamba sheria ya 2015 inataka fidia ya pesa, au namna nyingine ambayo pande zote mbili zimeikubali, na wao hawakuikubali. Kesi zikaendelea kwa miaka. Septemba 2022 nyumba zilizobaki zilibomolewa, na waliokuwa bado wanapinga wakahama wakiwa na hasira na mizigo.

Hoja yao haikuwa ya kijinga. Mwenye vyumba sita vya kupangisha Bannyahe alikuwa na mshahara wa kila mwezi ndani ya kuta zake. Akipewa nyumba ya vyumba viwili Busanza, anapata paa na kupoteza mshahara. Mama aliyekuwa akifulia nguo familia za Nyarutarama kwa kutembea dakika kumi sasa anahitaji nauli. Tathmini ya nyumba haikupimi hivyo isipokuwa wewe mwenyewe umeleta hesabu.

Kwa hiyo anayetwaliwa ardhi leo aandike mapema, kabla ya kikao cha kwanza cha makubaliano: vyumba vingapi vinapangishwa, kwa kiasi gani, tangu lini, na ujumbe wa MoMo wa wapangaji kama ushahidi. Biashara ya mlangoni nayo iandikwe. Na kama hutaki nyumba badala ya pesa, lisemwe kwa maandishi siku ya kwanza. Ukishatia saini orodha ya mgao ukidhani ni ya mahudhurio, kurudi nyuma ni kazi.

Mpangaji wa nyumba inayotwaliwa ndiye anayesahaulika. Fidia humwendea mwenye ardhi na mali, wala si aliyelipa kodi hadi Desemba. Dai lako liko kwa mwenye nyumba: akurudishie kodi ya miezi ambayo hutakaa. Lidai kabla hajalipwa, maana akishahamia Bugesera na fidia yake, utamtafuta kwa tochi.

Ukipokea funguo Busanza, au popote pengine

Anayekubali nyumba badala ya pesa asipokee funguo huku anapiga picha ya kumbukumbu. Azunguke kwanza, na mtu mwingine akiandika:

- Fungua kila bomba, vuta maji ya choo mara mbili, washa kila taa. Kasoro ziandikwe kwenye fomu ya makabidhiano kabla ya saini, si kwenye karatasi ya pembeni.
- Hesabu vyumba dhidi ya tathmini ya nyumba yako ya zamani. Kama thamani yako ilizidi, uliza tofauti inalipwaje na lini.
- Uliza hati. Nyumba za ghorofa zina sheria yake ya umiliki wa pamoja, ya 2010: kila mmoja anamiliki sehemu yake, na ngazi, paa na uwanja ni vya wote. Pata tarehe ya maandishi ya kupewa hati, na kama mnamiliki mume na mke, majina yote mawili yawemo.
- Uliza nani anatengeneza paa likivuja na nani anachanga.
- Hamisha mutuelle (bima ya afya), shule ya watoto na usajili wa mudugudu ndani ya mwezi huo huo. Mtoto wa darasa la sita asihamishwe katikati ya muhula wa mtihani kama kuna ndugu wa kumhifadhi karibu na shule ya zamani.

Mita ya umeme isomwe siku hiyo pia, na namba yake iandikwe kwa jina lako. Wako waliohamia nyumba na kukuta deni la mtu wasiyemjua.